Ati ni Urembo Tu?

Macho mawili yametokeza, pembe juu, taya ya chini hakuna. Uso huu uko kwenye vyombo vya shaba vya enzi ya Shang, China, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Leo unaitwa taotie, yaani mlafi, jina lililokuja baadaye sana; Washang wenyewe hawakuacha maelezo. Mwaka 1953 Max Loehr alipanga mitindo yake mitano kwa kutazama tu, na uchimbaji ukaja kumuunga mkono. Heko. Lakini aliposema urembo huo hauna maana, hapo tuliachana. Kaburi la Fu Hao, lililofukuliwa Anyang 1976, lilikuwa na vyombo kama hivi zaidi ya 200, vya chakula na pombe ya mizimu. Unampakulia marehemu, sufuria inakukodolea macho, halafu uniambie hayo ni mapambo?