Kumwachia Farasi Shingo Yake

Kitabu cha Anna Sewell kiitwacho Black Beauty nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekifunga nikiwa na lalamiko tofauti. Lalamiko la mara ya tatu ndilo ninaloliandika hapa, kwa kuwa halikutoka kitabuni peke yake. Lilitoka pia katika shingo ya farasi jike mmoja niliyemharibu mimi mwenyewe.

Kitabu kilitoka Uingereza mwaka 1877, miezi michache kabla ya mwandishi kufariki. Bibi Sewell aliumia mguu akiwa na miaka 14, akawa hawezi kutembea mwendo mrefu, na tangu hapo safari zake zikategemea gari la farasi. Jambo lililomchoma kuliko mengine ni ukanda uliokuwa mtindo wa wakubwa wa zama zile: ulitoka kwenye lijamu ukafungwa kwenye matandiko ya mgongoni, ili kichwa cha mnyama kisimame juu muda wote, gari lipendeze mbele ya watu. Sura bora kabisa kuhusu ukanda huo, kwa maoni yangu, ni ile ya mlimani. Mchukuzi anapandisha mkokoteni wenye mzigo mzito, farasi kafungwa kichwa juu, na bibi mmoja mpita njia anamsihi aufungue. Ukanda unafunguliwa, farasi anainamisha shingo, anautupa uzito wake wote kwenye kola, na mzigo unakwenda. Mahubiri yapo, sikatai, lakini anayetushawishi pale ni shingo yenyewe.

Sasa, matingali ni ndugu wa ukanda ule, ila anavuta kinyume chake. Hutoka kwenye mshipi wa tumbo, hupita katikati ya miguu ya mbele, na kazi yake ni kumzuia farasi asiinue kichwa. Zipo za namna mbili zinazojulikana zaidi. Moja hufungwa moja kwa moja kwenye ukanda wa puani, nayo utaiona kwa karibu kila farasi wa polo. Ya pili hugawanyika mara mbili, kila tawi lina pete, na hatamu hupitishwa ndani ya pete hizo. Hii ya pili ikipimwa vizuri hulala tu bila kazi mpaka farasi anaporusha kichwa kupita kiasi. Ikifupishwa, hatamu haiendi tena mstari mmoja kutoka kiwiko cha mpandaji hadi mdomoni. Huvunjika njiani na kushuka, na kila mguso wa mkono humfikia mnyama kama mvuto wa kwenda chini kwenye taya.

Nilijua yote hayo nilipokuwa kijana katika mazizi ya viungani mwa Nairobi. Nilijua, na bado nikaifupisha. Yule jike alikuwa mwekundu, mwepesi, na kila nikigusa hatamu alirusha kichwa karibu anipige pua. Nikakaza tundu moja, kisha la pili. Kwa macho ya watu alitulia, nikasifiwa. Saisi mmoja mzee tu ndiye hakusifu. Aliniambia, “Mwanangu, mfungue halafu umpande, tuone.” Sikumfungua. Niliogopa kuonekana, maana moyoni nilikuwa nafahamu kwamba aliyekuwa akimshika yule farasi ni ngozi ya ng'ombe.

Nilipokuja kuivua hatimaye, nilikuwa nimekisoma Black Beauty mara ya pili na machozi yalikuwa karibu. Nikaivua kwa huruma, siku moja, basi. Jike akarusha kichwa kama zamani, akakimbia, akanipeleka hadi ukutani. Hapo ndipo lalamiko langu lilipozaliwa.

Sewell anatufundisha kuvua ukanda. Hatufundishi tuweke nini mahali pake. Msimuliaji wake ni farasi aliyelelewa vizuri tangu utoto, kwa hiyo akifunguliwa anajua la kufanya na shingo yake. Aliyehitaji kufundishwa upya ni Ginger, jike aliyeharibiwa na mikono mikali, na kupona kwake katika zizi la kwanza kunapitishwa haraka mno. Mwandishi anatia mzaha wa dawa ya kubuni, mchanganyiko wa subira na upole na uthabiti, kisha anaendelea na safari. Ni mzaha mzuri, lakini hautaji kilichofanyika asubuhi ya kwanza, wala siku Ginger aliporudia tabia yake. Mtu mwenye huruma na asiye na ufundi anakifunga kitabu akidhani amekwisha kuelewa. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Xenophon, askari wa Ugiriki aliyeandika juu ya upandaji zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hana machozi kama ya Sewell, lakini ananisaidia zaidi. Kwake, kinachofanywa kwa kulazimishwa hufanywa bila kuelewa, na mnyama hurembesha shingo yake pale tu mkono unapolegea mara anapotii. Neno zito hapo ni “mara”. Mkono unaochelewa kulegea haufundishi kitu. Alois Podhajsky, aliyeongoza shule ya upandaji ya Vienna tangu 1939 hadi 1964, naye anarudia kwa urefu wa kuchosha kwamba kichwa hufuata mgongo na miguu ya nyuma. Wengi humwona mkavu. Mimi namwona mkweli, kwa sababu kazi yenyewe ni kavu.

Jike wangu alianza na meno: magego yalikuwa na ncha kali zilizomkata shavu, na hakuna aliyekuwa ametazama. Kisha tandiko, lililombana mabegani. Baada ya hapo ikawa miduara mipana, mita 20, hatua na mchapo mwepesi, kusimama, kuanza tena. Mguu wangu wa ndani ukimsukuma, hatamu ya nje ikimpokea, na viwiko vikifuata kichwa chake badala ya kukisubiri. Alipoinamisha shingo hata kidogo, nililegeza. Majuma ya kwanza nilichelewa karibu kila mara. Msuli wa chini ya shingo, uliojengeka kwa kupigana na ukanda, ulichukua miezi kupungua, na ule wa juu ulichukua zaidi. Siku za upepo alirudi kurusha kichwa, nami nikarudi kuitazama ile matingali iliyoning'inia msumarini.

Siwahukumu wanaoitumia. Kwenye mashindano ya kimataifa ya kuruka viunzi ile ya pete inaruhusiwa, na ikiwa ndefu inaweza kumwokoa mpandaji pua. Katika dresaji hairuhusiwi kabisa, kwa kuwa pale ndipo shingo yenyewe inapokaguliwa.

Mwaka uliofuata yule saisi mzee alikuja kuegemea ua, akatutazama miduara miwili au mitatu, jike hana kitu kifuani. Hakusema neno. Aliokota ndoo yake akaenda kunywesha wengine.