Ufundi wa Kukataza

Kusema hapana ni rahisi kwa mtu atakayepanda gari jioni arudi mjini. Bwana misitu wa bonde la Lwengera, pale Korogwe, hana bahati hiyo. Aliyemkatalia fito na nguzo za nyumba leo ndiye atakayekaa naye msibani kesho, na watoto wao wanasoma darasa moja. Ndiyo maana kuongoza uhifadhi nauita ufundi, tena mgumu kuliko kulenga shabaha: kukataza, na uliyemkataza akaendelea kukuamkia.

Wazigua wa Handeni waliujua ufundi huu kabla hapajawa na ofisi ya misitu. Watafiti waliozunguka wilaya hiyo miaka ya 1990 walikuta misitu midogo ya jadi kwa mamia, mingine ya ukoo, mingine ya matambiko. Haikulindwa kwa bunduki. Ililindwa na wazee, na neno lao lilikuwa na uzito kwa sababu mwiko uliwabana wao kwanza. Sitaki kuupamba ujadi. Wazee nao walikuwa na upendeleo wao, na kijana wa leo haogopi mzimu pale gunia la mkaa linapokuwa na bei nzuri.

Serikali ilichelewa kujifunza. Kwa miaka mingi bwana misitu alikuwa mtu wa kukimbiwa. Akitokea, panga hufichwa. Sheria ya Misitu ya 2002 ikawapa wanakijiji nafasi ya kuwa na misitu yao ya hifadhi na kushiriki kuisimamia ile ya serikali. Lakini sheria haimfundishi mtu kazi. Chukua suala la mpaka. Usambara Mashariki kuna Amani, hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, ya mwaka 1997, na kuna Nilo, ambayo sehemu yake imo Korogwe. Huko baadhi ya mipaka imepandwa mitiki ionekane kwa macho. Kiongozi mvivu huridhika na mstari wa miti. Fundi huutembea kwa miguu, akiwa na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wanaokumbuka shamba la nani lilianzia wapi, na huutembea wakati hakuna ugomvi, maana ugomvi ukishaanza kila mtu hukumbuka kinachomfaa.

Halafu kuna faini. Siku anayokamatwa shemeji wa mwenyekiti na magogo, kijiji kizima hutazama. Akitozwa kama wengine, stakabadhi ikaandikwa na hesabu ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji, mlinzi aliyenyeshewa mvua bila posho ya maana hupata sababu ya kurudi msituni. Akiachiwa kwa simu moja kutoka juu, doria inageuka matembezi.

Ukielekea kaskazini, kupita Mombo, nyika ya Mkomazi inaonyesha gharama ya katazo la nguvu. Pori hilo lilitengwa mwaka 1951. Kufikia 1988 wafugaji walikuwa wameondolewa. Kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Rufani na ardhi hawakurudishiwa. Mwaka 1989 akaja mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi na George Adamson, mlezi wa simba, huko Kenya. Barabara zikachongwa, na mwaka 1997 wakaletwa faru weusi wa kwanza kutoka Afrika Kusini. Tangu 2008 Mkomazi ni Hifadhi ya Taifa. Kazi hiyo ina sifa yake na siinyimi. Ila deni la 1988 linabebwa na mhifadhi wa leo, pengine kijana ambaye mwaka huo hakuwa amezaliwa. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana kazi wanayoiita ujirani mwema, na mimi ningepewa kumteua mkuu wa hifadhi ningemuuliza kwanza habari za mikutano yake na vijiji jirani, majangili aliowakamata baadaye.

Na kuna uhamisho. Mzee wa Handeni hakuhamishwa. Mhifadhi huhamishwa, mara nyingi ndiyo kwanza ameanza kuzijua njia za msituni. Aliye hodari hujiandaa kuondoka tangu siku anayoripoti: humwachia mlinzi wa kijiji aongoze doria, humwacha katibu wa kamati ya misitu ya kijiji abishane na wilaya, hukubali kupingwa mbele za watu. Anayempokea kiti hukuta kamati inayomhoji wiki ya kwanza, na huenda akamlaumu mtangulizi wake kwamba aliilea vibaya.