Nyekundu Huingia Mwisho

Anayeanza kujifunza kuzitazama filamu za rangi za Hollywood ya zamani hukosea mapema, kwa sababu huhesabu rangi. Anaona gauni la waridi, bahari ya feruzi na midomo myekundu, basi anatoa hukumu kwamba rangi zimejaa na filamu ni nzuri. Kwa kipimo hicho hata tangazo la sabuni lingekuwa kazi ya sanaa. Filamu zilizodumu, zile ambazo bado zinamnyamazisha mtazamaji miaka sabini au themanini baada ya kutengenezwa, zina tabia nyingine kabisa: ni bahili. Rangi kali imefungiwa, ikatolewa kidogo kidogo, na kila inapotoka ina kazi ya kufanya. Kwa hiyo mjuzi huanza kwa kuuliza ni nini kilichonyimwa rangi, na kimenyimwa kwa muda gani.

Ubahili huo haukuwa wa hiari tupu. Kampuni ya Technicolor, iliyoanzishwa mwaka 1915, ilifikia mtindo wake mkubwa mwaka 1932 kwa kamera iliyobeba mikanda mitatu kwa pamoja. Mwanga uliopita kwenye lenzi uligawanywa na prizimu: sehemu moja ilikwenda kwenye mkanda wa kijani, nyingine kwenye mikanda miwili iliyobanwa pamoja, mmoja wa buluu na mmoja wa nyekundu. Yote mitatu ilikuwa negativi za nyeusi na nyeupe. Rangi yenyewe ilitiwa maabarani. Kila negativi ilizaa mkanda wa jelatini wenye miinuko na mabonde, mkanda huo ukalowekwa katika rangi yake, siani, majenta au manjano, kisha ukagandamizwa juu ya mkanda mmoja mtupu, zamu kwa zamu, mpaka picha ikakamilika. Kamera hazikuuzwa; studio ilizikodi pamoja na fundi wake, na mkataba ulileta pia mshauri wa rangi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa Natalie Kalmus au mmoja wa wasaidizi wake. Kalmus aliandika waziwazi mwaka 1935 kwamba rangi zikizidi huchosha jicho na akili. Waongozaji na watayarishaji kadhaa walimlalamikia, na huenda walikuwa na haki, maana mshauri anayekagua kila pazia na kila soksi si mtu rahisi kufanya naye kazi. Hata hivyo nidhamu ile ilizaa matunda, na wengine waliomlalamikia ndio waliokuja kusifiwa kwayo.

Filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote kwa kamera hiyo ilikuwa Becky Sharp ya mwaka 1935, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Sehemu nyingi za filamu hiyo zimezeeka vibaya, tusidanganyane. Lakini ina dansi moja mjini Brussels, wakati majeshi ya Napoleon yanakaribia na vita vya Waterloo vinanukia. Mizinga inasikika, upepo unavuma ukumbini, wageni wanataharuki. Kimantiki wa kwanza kutoka mbio wangekuwa maofisa, kwa kuwa ndio wanaoitwa vitani. Mamoulian akawazuia. Aliwatoa kwanza wenye mavazi yaliyopoa, ya kijivu, buluu na kijani, kisha wenye manjano na rangi ya machungwa, na maofisa wenye makoti mekundu akawatoa mwisho, skrini ikageuka kana kwamba damu imekwisha kumwagika. Mtazamaji wa kawaida hajiulizi kwa nini wanajeshi wamechelewa. Anahisi hatari inapanda tu. Hapo ndipo kipimo cha kwanza kilipo. Katika filamu yoyote ya zama hizo, tafuta nyekundu ya kwanza iliyo kali kwelikweli na uangalie imeingia dakika ya ngapi, imebebwa na nani, na kabla yake jicho lililishwa nini. Kama nyekundu imetapakaa tangu mwanzo, ikifika zamu yake haina la kusema tena.

Watengenezaji wa The Wizard of Oz, mwaka 1939, walilielewa jambo hili kiasi cha kuipa njaa ya rangi robo saa nzima na zaidi. Kansas yote ni kahawia iliyofifia. Dorothy, mhusika mkuu, anapofungua mlango wa nyumba iliyotua Oz, tendo hilo limepigwa kwa kamera ya rangi, ila chumba kimepakwa rangi ya kahawia na mwanamke anayefungua ni mbadala aliyevalishwa gauni la kahawia. Anarudi nyuma kidogo, na Judy Garland anatokea mahali pake akiwa na gauni la buluu. Hakuna ujanja wa maabara hapo, ni rangi ya kupaka na hesabu ya hatua. Viatu vya Dorothy, ambavyo katika kitabu cha asili cha mwaka 1900 vilikuwa vya fedha, viligeuzwa vya yakuti nyekundu, kwa sababu fedha juu ya barabara ya manjano isingeonekana kitu.

Mtu anaweza kupinga kwamba sifa hii tunaipa nidhamu ilhali ni ya kemia. Rangi zile za kugandamizwa zilikuwa nzito na safi kuliko nyingine zote, kwa hiyo yeyote aliyepewa kamera ile angetoa kitu kizuri. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba nyeusi ya Technicolor ina kina ambacho mitindo mingi ya baadaye haikukifikia, na kwamba kijani chake hakina upauke. Lakini kamera hizohizo na maabara hiyohiyo zilitoa pia misururu ya filamu za maharamia na za majumba ya kifalme ambazo leo hazikumbukwi na mtu, kila fremu imejaa kama duka la mapambo. Na upande wa pili, kamera ya mikanda mitatu iliachwa katikati ya miaka ya 1950, negativi moja ya rangi ikachukua nafasi yake, wala uzuri haukukoma siku hiyo. Vertigo ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1958, haikupigwa kwa kamera ile. Mwangalie Kim Novak anavyoingia katika hadithi: mgahawa wenye kuta nyekundu, watu wengi wenye mavazi ya giza, na mgongo wa mwanamke mmoja chini ya mtandio mpana wa kijani cha zumaridi. Kamera inamwendea polepole, wala haihitaji kutuonyesha uso ili tujue nani wa kutazamwa. Baada ya hapo Hitchcock na mbunifu wa mavazi Edith Head wanamvika suti ya kijivu. Novak mwenyewe hakuipenda. Ila kijivu hicho ndicho kinachofanya kazi baadaye, anapotokea katika chumba cha hoteli amezungukwa na mwanga wa kijani wa taa ya neoni ya nje. Suti isiyo na rangi yake imepokea rangi yote ya chumba, na mwanamke anaonekana kama mzuka uliorudi. Gauni la waridi lingeliua tukio zima.

Kipimo cha pili ni uso, na hapa ndipo ulimbwende unapojulikana wa kweli na wa kuazima. Mkanda wa Technicolor ulikuwa mzito wa kupokea mwanga, taa zikawa nyingi na kali, na joto likawa la adhabu. Bert Lahr, ndani ya ngozi ya simba katika The Wizard of Oz, alilijua vizuri. Vipodozi vya mafuta vilivyotumika zama za nyeusi na nyeupe vilimeremeta na kunasa rangi ya kila kilichokuwa karibu, shavu likawa la kijani pembeni ya pazia la kijani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Max Factor ikatoa poda ya kugandamizwa isiyong'aa, na uso ukawa na rangi yake yenyewe. Kwa hiyo usitazame upande wa shavu uliopigwa na taa, huo kila fundi anauweza. Tazama upande wa kivuli. Katika kazi nzuri kivuli nacho kina rangi, kimekwenda kwenye buluu au kahawia ya joto, na taya bado linajulikana lilipoishia. Katika kazi mbaya kivuli ni doa. Maureen O'Hara, aliyeitwa Malkia wa Technicolor, hakupewa jina hilo kwa nywele nyekundu peke yake; wapigapicha wake walijua kumwacha nusu gizani bila nywele hizo kupoteza moto.

Pingamizi zito zaidi liko hapohapo usoni. Mashine yote hii, poda, taa na ushauri, ilipimwa kwa ngozi nyeupe, na mtu wa maji ya kunde au mweusi akaachiwa mwanga uliobaki. Hilo halina utetezi, na mwongozo wa kupima ubora ukilinyamazia hautakuwa mwongozo. King Solomon's Mines ya mwaka 1950 ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, na mpigapicha wake Robert Surtees akapata Oscar. Nyasi na mbuga zake bado ni za kuvutia. Lakini linganisha uso wa Deborah Kerr, uliopangiwa mwanga hata porini (anajikata nywele kwa mkasi, na zinatoka zimetengenezwa kama saluni ilikuwa nyuma ya mti), na nyuso za wenyeji, ambazo mara nyingi zimepigwa kwa makundi, kwa mbali, jua likiwa utosini. Ujuzi ulikuwapo, uamuzi wa kuutumia ndio uliokosekana. Ushahidi ni kwamba palipoamuliwa vingine mambo yalikuwa vingine. Katika Gone with the Wind, Hattie McDaniel amevalishwa mavazi ya giza karibu filamu nzima, mpaka Clark Gable anapomuuliza kuhusu mchakacho anaousikia. Anainua pindo la sketi kidogo, na chini yake kuna gagulo la hariri nyekundu. Ni vidole vichache tu vya nyekundu, ila ni miongoni mwa rangi zilizotumiwa kwa akili kuliko zote katika filamu hiyo ndefu, na uso unaocheka juu yake haujazimwa. Mwaka 1954, katika Carmen Jones, Dorothy Dandridge aliwekwa mbele ya kamera kama nyota anavyowekwa, blauzi nyeusi na sketi nyekundu inayokaribia machungwa, huku wanajeshi na wafanyakazi waliomzunguka wakivaa rangi za vumbi. Hiyo haikuwa Technicolor bali mtindo wa DeLuxe, na inathibitisha tena kwamba kinachohesabika ni mpango.

Wapo pia wanaosema rangi hizi ni za uongo, hakuna ziwa lenye buluu ile wala machweo yenye dhahabu ile. Mtu anayezipima kwa uhalisi atashindwa nazo kila mara, ila amechukua mizani isiyo yake. Tazama Leave Her to Heaven ya mwaka 1945, iliyompa Leon Shamroy Oscar ya upigaji picha wa rangi. Gene Tierney ni mke asiyevumilia mumewe ampende mtu mwingine yeyote. Yuko ndani ya mashua kwenye ziwa tulivu la milimani, koti jeupe, miwani myeusi, midomo imepakwa vizuri. Ndugu mdogo wa mumewe, mvulana mwenye ulemavu wa miguu, anaogelea nyuma yake na anachoka. Hakuna muziki. Mvulana anaita, anazama, anaibuka, anazama, na mwanamke ameketi. Kama tukio hilo lingepigwa usiku kwa nyeusi na nyeupe, kivuli kingetuonya. Hapa hakuna kinachotuonya. Mwanga ni wa asubuhi njema, maji yana rangi ya kutamanika, na yeye ni mzuri kupita kiasi. Uzuri wenyewe ndio silaha iliyotumika. Filamu nyingi za rangi za zama zile zina pendezo, lakini chache zina pendezo linalotenda jambo katika hadithi, na tofauti hiyo inazidi kila hesabu ya mapambo.

Kanuni ya ubahili huvunjwa pia, na kuvunjwa kwake kuna ubora wake. Katika Gentlemen Prefer Blondes ya mwaka 1953, Marilyn Monroe anaimba akiwa na gauni la waridi, kazi ya William Travilla, mbele ya ukuta mwekundu. Waridi juu ya nyekundu ni jambo ambalo mshauri yeyote wa rangi angelikataa. Linasimama kwa sababu wanaume wote wanaomzunguka wamevaa nyeusi, na almasi alizovaa ni nyeupe, na hakuna rangi ya tatu ya kugombana nazo.

Linabaki suala la nakala, ambalo watazamaji wengi hulisahau. Negativi za mikanda mitatu hazikuwa na rangi, basi hazikuwa na cha kupauka. Nakala nyingi za negativi moja za miaka ya 1950 hadi 1970 zimegeuka nyekundu mbivu na kupoteza buluu yake, jambo lililomfanya mwongozaji Martin Scorsese aanzishe kampeni ya kupinga kupauka huko mwaka 1980. Lakini mikanda mitatu husinyaa kwa viwango tofauti, na ile ya naitreti hushika moto upesi: negativi za Singin' in the Rain ziliteketea mjini Rochester mwaka 1978. Kila urejeshaji wa leo kwa hiyo ni tafsiri ya fundi fulani. Anza kwa kukagua kingo, mahali ambapo koti jekundu linapakana na ukuta. Ukiona uzi mwembamba wa kijani au buluu pembeni, mikanda haikulinganishwa sawasawa. Kisha kagua nyeupe. Kamera ile haikuvumilia nyeupe kamili, hivyo mashati, shuka na aproni zilichovywa katika kijivu au buluu nyepesi kabla ya kupigwa picha. Kola ya shati la mwanamume aliyesimama dirishani ikiwaka mpaka mshono wake hauonekani, nakala hiyo imeng'arishwa na mtu asiyejua kwamba idara ya mavazi iliitia kijivu kwa makusudi.