Usiuvute, Mwanangu

Baridi ya Julai ikishika Arusha, kuna mmea unaotambaa kwenye nyua za watu ambao huwaka rangi ya chungwa kuanzia chini hadi kwenye kingo za mabati. Maua yake ni vijitarumbeta vyembamba, urefu wa kidole, vimeshikana vishada vishada kwenye ncha za matawi. Wataalamu huuita Pyrostegia venusta. Kwao ni Amerika ya Kusini, na Wabrazili wameupa jina la Mtakatifu Yohane kwa sababu kwao huchanua Juni, wakati wa sikukuu yake. Wapita njia huusifu mmea. Mimi naona sifa zimwendee anayeshika mkasi.

Mzee ninayemsema hutunza bustani ya nyumba moja upande wa Ngaramtoni. Maua yakiwapo haugusi. Huyaacha mpaka yadondoke yenyewe, ndipo anapotoa ngazi, mkasi wa kupogolea na jiwe la kunolea. Kwenye kunoa hana haraka hata kidogo. Hujaribu makali kwa jani bichi, na jani likichanika badala ya kukatika, anarudi kwenye jiwe.

Mkasi ukishakuwa tayari, bado hakati. Huchagua tawi moja na kulifuata kwa kidole kutoka ncha hadi linapotokea kwenye shina, akipenyeza mkono ndani ya majani. Jani la mmea huu huwa na vipande viwili au vitatu, na mara nyingi kile cha katikati hugeuka uzi wenye ncha tatu. Uzi huo hujisokota kwenye chochote: waya wa uzio, kamba ya kuanikia nguo, hata tawi la jirani yake. Kijana wa kumsaidia alipoanza kuvuta, mzee alimzuia mkono. "Usiuvute, mwanangu. Tazama kwanza umeshika wapi." Kisha akazikata nyuzi moja moja kwa ncha ya mkasi, na tawi zima likashuka lenyewe bila kung'oa kingine.

Maua ya mwaka ujao yatatoka kwenye ncha za machipukizi mapya, na hesabu yote ya kupogoa iko hapo. Tawi lililokwisha kuchanua hukatwa hadi karibu na shina, yakabaki macho mawili au matatu ya kuchipulia. Mkato hupita juu kidogo ya jicho, kwa mshazari, maji yasituame. Anayepogoa Mei ili uzio upendeze mbele ya wageni amekata maua ya Julai kwa mkono wake. Wapo wengi wa namna hiyo, na baadaye husingizia udongo.

Mashina makuu huachwa machache, nayo hufungwa kwenye waya kwa kamba ya katani iliyopigwa kwa umbo la nane: tundu moja la waya, jingine la shina, ili shina linenepe bila kukabwa. Linaloelekea kwenye bati hugeuzwa mapema. Likishapenya chini ya bati na kunenepa humo, hulinyanyua bati lenyewe. Baada ya hapo ni samadi iliyooza, iliyowekwa mbali kidogo na shina, na maji ya kutosha wakati wa kiangazi.

Kazi yake nzuri kuliko zote iko chini kabisa, pale wageni wasipotazama. Ndege chozi huyatembelea maua haya kila asubuhi, lakini huku kwetu ni nadra kuona mbegu, kwa hiyo mche hutafutwa kwenye tawi. Mzee huchagua tawi la karibu na ardhi ambalo si bichi wala halijakomaa kuwa gumu. Hulipinda polepole, akilisikiliza. Likianza kulia, hulegeza. Chini ya jicho moja hukwangua ganda kwa kisu, upande wa chini tu, sehemu isiyozidi upana wa kucha. Hapo hulilaza kwenye kishimo chenye mboji na mchanga, akalibana kwa kijiti chenye panda, akafukia, ncha ikabaki nje ikitazama juu.

Wiki hupita, naye humwagia maji tu. Hafukui kuchungulia. Dalili anayoingoja ni ncha ile kutoa majani mapya. Hata ikitoa, halitengi tawi na mama yake siku hiyo. Hulikata nusu ya unene, akaliacha lijizoeze kunywa kwa mizizi yake, ndipo baadaye akamalizia mkato na kuuhamishia mche kwenye kiriba.

Kwa hiyo ukiona uzio wa jirani umewaka, usiombe ukatiwe kijiti ukakichomeke ardhini na kukaa ukitumaini. Omba ufukiliwe tawi, uupitie mche ukishajitegemea, na ukaupande mbali na mwembe wako, kwa maana ukiachwa bila mkasi huufunika mti mzima.