Anayeumia Yuko Upande wa Pili wa Rafu

Katika yale maduka ya Marekani ambayo bohari na duka ni chumba kimoja, mteja husukuma toroli lake chini ya paleti zilizopandishwa hadi karibu na dari. Foklifti ikiingia, macho yote humwendea dereva. Hatari mara nyingi iko nyuma ya rafu.

Dereva anapandisha paleti ya saruji. Ikipitiliza kidogo tu, hugusa paleti iliyo mgongoni mwake, nayo husogea, na mzigo hudondokea ujia wa pili, ambako mtu anachagua rangi ya ukuta wala hana habari. Dereva haoni kitu, maana mbele yake kumejaa bidhaa. Kwa hiyo hufungwa njia mbili, ya foklifti na ile ya nyuma yake, na mfanyakazi husimama kuzuia watu. Kufunga moja ni kumlinda yule tu anayeiona mashine.

Foklifti yenyewe ina tabia zake. Hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hufagia nje na kumbana kwenye rafu aliyesimama ubavuni. Usawa wake hutegemea pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na egemeo la ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwa juu, kona ndogo tu yatosha kuilaza. Dereva aliyeshtuka huruka, na paa la chuma humwangukia. Ndiyo sababu hufundishwa kubaki ndani amefunga mkanda, kushika usukani kwa nguvu na kuegemea kinyume na inakoangukia.

Kanuni ya mafunzo ya OSHA, wakala wa usalama kazini wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1998, inataka dereva apimwe upya angalau kila miaka 3. Aliye chini ya miaka 18 sheria haimruhusu kuendesha foklifti, hata duka likizidiwa msimu wa sikukuu.

Toroli la umeme la kubebea paleti hudharauliwa kwa udogo wake. Mfanyakazi hutembea kinyumenyume akiliongoza, mgongo ukigonga rafu, mashine ikizidi kuja. Kwenye ncha ya mpini kuna kitufe kipana, usawa wa tumbo. Kikigusa mwili, toroli hugeuza mwendo na kumwondokea. Kitufe hicho hujaribiwa kila siku kabla ya kazi, kwa sekunde chache, na kikigoma, toroli huwekwa kando hadi fundi afike.