Mji Ulitolewa, Jibu Halikutoka: Kuitazama Tena Filamu ya Zodiac

Mwenye kutega kitendawili huwa na deni. Akiwashinda wasikilizaji huomba mji, nao humpa, uwe Mombasa au uwe Chake Chake. Lakini akishaupokea hana budi kulitoa jibu. Hilo ndilo sharti la mchezo, na hata mtoto wa miaka sita hulidai kwa kelele pindi mtegaji akijaribu kulikwepa. Nililikumbuka sharti hilo nilipoitazama kwa mara ya tatu Zodiac, filamu ya mwongozaji David Fincher iliyotolewa mwaka 2007. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha kwa uchungu namna hii yanayompata mtu aliyekwisha kuutoa mji wake kisha akanyimwa jibu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969, mtu asiyejulikana aliwaua watu watano kaskazini mwa California, na wawili wengine aliowashambulia wakanusurika. Katika kiangazi cha 1969 aliyapelekea magazeti matatu barua, kila moja na thuluthi yake ya maandishi ya siri, akaamrisha yachapwe ukurasa wa mbele, la sivyo angeua tena. Yakachapwa. Mwalimu mmoja wa mji wa Salinas na mkewe wakayafumbua kwa muda wa siku chache. Mwandishi alikuwa ameahidi kwamba humo mna utambulisho wake. Haukuwamo; mlikuwa na majisifu ya mtu aonaye raha kuua, na anayewahesabu aliowaua kuwa watumwa wake wa akhera.

Sisi tuliolelewa na ushairi twajua kwamba fumbo si uficho mtupu. Muyaka wa Mombasa alipolumbana na washairi wa Lamu, kila upande ulijua kwamba upande wa pili utafumbua, na katika kujua huko mlikuwa na heshima: nakufumbia kwa kuwa naamini unazo akili za kunielewa. Hata hasimu hakunyimwa heshima hiyo. Zodiac, kama alivyojiita mwenyewe, aliliiba umbo la fumbo akaliacha agano lake. Alitaka wasomaji, na wala hakutaka kueleweka.

Robert Graysmith, anayeigizwa na Jake Gyllenhaal, ndiye msomaji aliyenasa. Alikuwa mchora katuni wa gazeti la San Francisco Chronicle. Si askari wala si ripota, na hakuna aliyemtuma. Wenzake walioivamia kesi waliivamia kwa wajibu wa kazi, nayo ikawatafuna: ripota Paul Avery (Robert Downey Jr.) tunamwona akizama katika ulevi, na inspekta Dave Toschi (Mark Ruffalo) aliondolewa kitengo cha mauaji mwaka 1978, katika tuhuma, ambazo hazikuthibitika, kwamba barua mojawapo aliiandika yeye mwenyewe. Graysmith aliingia kwa kupenda mafumbo tu. Hapo ndipo ninapoogopa, maana hapo najiona.

Fincher hatafuti damu. Kifo cha mwisho tunachoonyeshwa, cha dereva wa teksi, hutokea kabla filamu haijafika nusu. Kinachofuata ni makaratasi: majalada, simu, miandiko ya kulinganishwa, na idara za polisi za miji jirani zisizopeana habari. Nimewasikia wanaolalamika kwamba dakika 157 ni nyingi. Lakini urefu huo ndiyo hoja yenyewe. Maandishi madogo kwenye skrini yanatuambia zimepita wiki kadhaa, kisha imepita miaka. Jengo refu la Transamerica linapanda mbele ya macho yetu hadi likakamilika. Masanduku ya karatasi yanajaa nyumbani kwa Graysmith, na wanawe wanashirikishwa katika upekuzi kana kwamba ni kazi za skuli. Mkewe, anayeigizwa na Chloë Sevigny, mwishowe anaondoka na watoto. Huyu amepewa maneno machache mno, nami nakihesabu kuwa kilema cha filamu: ndiye peke yake aliyeuona mji ukitolewa, chumba baada ya chumba.

Onyesho lisilonitoka ni lile la usiku wa mvua. Graysmith anamwendea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya sinema, akimwuliza juu ya mwandiko ulio katika mabango ya filamu. Anaamini ni wa mtu mwingine. Mwenyeji anajibu kwa upole kwamba mabango aliyaandika yeye. Kisha anamkaribisha chumba cha chini ya nyumba, na mgeni anakumbuka kwamba nyumba zenye chumba hicho ni chache huko California, na kwamba mwuaji alisema anacho. Ubao unalia juu ya vichwa vyao. Graysmith anakimbilia mlangoni, anaukuta umefungwa, na mwenyeji anakuja nyuma yake kumfungulia. Basi. Hakuna lililotokea. Lakini tumeona mwisho wa msomaji asiyejua kuacha kusoma: ubao ni ishara, ukarimu ni ishara, na mzee wa watu, asiye na kosa tulijualo, amegeuka mstari wa kufasiriwa. Nami nilikuwa nimeshika mkono wa kiti.

Kwa sababu hiyo mwisho wa filamu haunitulizi. Mwaka 1991 mmoja wa walionusurika anaonyeshwa picha, naye anaielekezea kidole ya Arthur Leigh Allen. Akiulizwa yakini yake, anaipa si chini ya nane katika kumi. Allen hakushitakiwa kamwe. Alifariki mwaka 1992, na vipimo vya vinasaba vya mwaka 2002 havikuafikiana naye, jambo ambalo filamu yenyewe inalitaja kwa maandishi ya kufungia. Walakini maandishi hayashindi uso. Filamu iliyotutia shaka kwa saa mbili na nusu inatupa, tukiwa tumekwisha choka, kipande cha halua. Naelewa kwamba inafuata vitabu vya Graysmith, na kwamba twaona kwa macho yake. Lakini maiti hana wakili, na raha ya mtazamaji kupata jina si sababu ya kumbandika mtu jina hilo. Tazama jinsi onyesho la dukani lilivyo aminifu zaidi: Graysmith anakwenda alipoajiriwa Allen, wanatazamana, hawasemezani la maana, anatoka. Lau filamu ingekomea hapo!

Kuna jambo lililotokea baada ya filamu. Mwuaji alikuwa amepeleka fumbo jingine Novemba 1969, la alama 340, likakaa miaka 51. Desemba 2020 watu watatu, Mmarekani, Mwaustralia na Mbelgiji, walilifumbua, na wapelelezi wa serikali ya Marekani wakathibitisha. Jina halimo. Asema haogopi chumba cha gesi, na kwamba atumai wanaomtafuta wanaburudika katika kazi yao. Niliisoma habari hiyo usiku, nikaisoma tena asubuhi, kisha nikaanza kutafuta picha ya alama zenyewe.