Zabuni si zawadi: Istilahi za ununuzi wa umma zinavyotupotosha

Majuzi nilipigiwa simu na mama mmoja niliyemfunza Isimu miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Siku hizi ni mwekahazina wa chama cha akina mama kijijini mwao. "Mwalimu," aliniambia baada ya salamu, "tulipewa tenda ya maharagwe, na sasa tunadaiwa."

Nilimwomba anieleze polepole. Taasisi moja ya umma ilikuwa imetangaza kwamba inahitaji maharagwe. Chama chao kikajaza makaratasi, kikataja bei, kikasubiri. Hatimaye barua ikafika ikiwaarifu kwamba wamefaulu. Kijiji kizima kikasema, "Wamepewa tenda!" Wakapiga vigelegele, wakachukua mkopo kwenye sacco, wakajaza ghala magunia. Siku chache baadaye mshindani wao akawasilisha malalamishi, shughuli yote ikasimamishwa, na mwishowe taasisi ile ikaifuta. Alipokwenda kuuliza nani atawalipa, afisa mmoja alimjibu, "Mama, kwani mna mkataba gani na sisi?"

Swali lile lilikuwa la kikatili, lakini kisheria lilikuwa na jibu. Hawakuwa na mkataba. Walikuwa na barua. Na hapa ndipo nami kama mwalimu wa lugha ninapoingia, kwa sababu naamini kwamba mama huyu hakuponzwa na sheria pekee. Aliponzwa pia na kitenzi "kupewa".

Tuanze na neno lenyewe. "Zabuni" tulilitoa katika Kiarabu, ambamo neno "zabun" humaanisha mteja. Kamusi kongwe za Kiswahili zinalieleza kama kitenzi cha mnadani: kuzabuni ni kutaja bei mbele ya watu, na mzabuni ni yule anayeitaja. Lugha yetu ililibeba neno hilo kutoka mnadani na kulipeleka ofisini, ambako mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu. Mnadani bei hupanda na hutajwa kwa sauti. Katika ununuzi wa umma bei hushindana kushuka na hufichwa hadi saa ya kufunguliwa. Hilo si kosa. Maneno huhama na kuzoea makao mapya. Kosa ni kwamba tumelitwika neno hili moja mizigo minne. Serikali inapotangaza inachohitaji, tunasema imetoa zabuni. Mfanyabiashara anapotaja bei, tunasema ametuma zabuni. Akichaguliwa, amepewa zabuni. Akianza kazi, anatekeleza zabuni. Mwaliko, pendekezo, uteuzi na kazi yenyewe, vyote zabuni!

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 haivichanganyi vitu hivi. Kifungu cha 135 kinasema waziwazi kwamba hakuna mkataba kati ya mzabuni aliyefaulu na taasisi hadi pande zote mbili zitie saini mkataba wa maandishi. Tena kinazuia mkataba huo usitiwe saini kabla ya siku 14 kupita tangu arifa itolewe. Kwa nini siku 14? Kwa sababu huo ndio muda ambao mzabuni asiyeridhika anaruhusiwa kupeleka malalamishi kwenye bodi ya kukagua masuala haya, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Kwa hivyo, ile barua iliyopigiwa vigelegele ilikuwa mwanzo wa kipindi cha kungoja. Anayekopa siku ya barua amekopa kabla ya wakati. Lakini nani angemwambia mama haya, ikiwa sisi sote, magazeti yakiwemo, tunaandika kwamba mtu "amepewa zabuni" kana kwamba amekabidhiwa ufunguo wa nyumba?

Neno "tenda" nalo lina kichekesho chake. Tumelikopa kutoka Kiingereza likaja kukaa na kitenzi chetu cha jadi, kutenda. Matokeo yake ni kwamba mwenye tenda huwa hajatenda chochote bado. Sina uadui na neno hili. Sokoni na kwenye matatu ndilo linalotumika, na lugha ni ya watu. Ila katika maandishi rasmi ningependa tuligawanye jukumu la "zabuni": tuseme "mwaliko wa zabuni" kwa tangazo, "zabuni" kwa pendekezo la mfanyabiashara, "arifa ya uteuzi" kwa ile barua, na "mkataba" kwa hati iliyotiwa saini. Maneno haya yote tunayo tayari.

Kinachonisumbua zaidi ni vitenzi. Mkenya husema fulani "ameomba tenda", kisha "akapewa". Kuomba na kupewa ni vitenzi vya hisani. Anayeomba huwa chini, anayepewa hushukuru, na shukrani katika nchi hii yetu ina bei yake. Ilhali Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wa gharama inayofaa. Mahali penye ushindani hapana kuomba. Mwanariadha haombi medali, hushindania. Mzabuni naye huzabuni, na kitenzi hicho tulikuwa nacho tangu enzi za mnada. Hata ile asilimia 30 ya ununuzi wa serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu huripotiwa kana kwamba ni sadaka. Ni nafasi ya kushindana miongoni mwa makundi hayo, nayo imo katika sheria.

Kuna kitenzi kingine kinachostahili kukemewa: "kupanda". Husomi juma zima bila kuambiwa kwamba gharama ya barabara au bwawa fulani "imepanda". Gharama haina miguu. Bei ya mkataba wa umma hubadilishwa na watu, kwa maandishi, na kwa idhini ya mamlaka iliyouidhinisha. Sheria inakataza bei kuongezwa ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu mkataba kutiwa saini, na mabadiliko yote yakijumlishwa hayafai kuizidisha bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 25. Mwandishi anayesema "gharama imepanda" amemficha mtendaji. Akisema "gharama imeongezwa", msomaji atauliza, imeongezwa na nani? Swali hilo ni la kisarufi, na ni la kiraia pia.

Mfano wa mwisho ndio mzito kuliko yote. Sheria inamtambua kiongozi mmoja katika kila taasisi ambaye ndiye mwenye jukumu la kwanza la kuhakikisha kwamba kanuni zimefuatwa. Wizarani huwa ni katibu wa wizara. Katika tafsiri zetu nyingi hapa Kenya, cheo hiki nimekikuta kikiitwa "afisa wa uhasibu". Msomaji akiona hivyo humfikiria karani wa hesabu aliyejiinamia kwenye kikokotoo, na pesa zikipotea humlaumu karani. Watanzania walilitatua jambo hili zamani. Wao husema "afisa masuuli", kutokana na Kiarabu, yaani mtu anayeulizwa, anayewajibika. Katika neno hilo moja msomaji anajua nani wa kujibu. Sioni aibu yoyote kuliazima. Tofauti ya mhasibu na masuuli ndiyo tofauti ya anayehesabu na anayehesabiwa.

Najua kuna watakaoniambia, "Profesa, wezi wa mali ya umma hawaibi kwa kukosa istilahi." Ni kweli. Wanaopora huijua lugha ya sheria kuliko mimi, na wana mawakili wa kuwafafanulia kilichobaki. Sidai kwamba kamusi itaumaliza ufisadi. Ninachodai ni kwamba anayeumia ni yule asiyeijua lugha hiyo. Nao wengi wa wasioijua ndio hao hao wanaohimizwa kila siku wajitokeze wafanye biashara na serikali. Wanahimizwa kwa Kiswahili mikutanoni, kisha wanapewa makaratasi ya Kiingereza wajaze. Katiba yetu, Kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo unafaa kuonekana kwenye karatasi ambayo mama wa kijijini anatia saini.

Kazi yenyewe si kubwa. Mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma ingeketi na idara za Kiswahili za vyuo vikuu na wahariri wa magazeti, ikatoa kijitabu cha istilahi hamsini hivi, kila moja na maelezo mafupi na siku zinazohusika. Kijitabu hicho kingebandikwa kwenye ofisi za kaunti na kusomwa redioni. Wanafunzi wetu wa uzamili, ambao hurudia mada zile zile za fasihi mwaka nenda mwaka rudi, wangepata tasnifu za maana humo.

Lakini nisijitoe lawamani. Mama huyu nilimfunza fonolojia, mofolojia na sintaksia kwa muda mrefu. Sikuwahi hata siku moja kumfunza kusoma barua ya serikali. Maharagwe yao waliyauza kidogokidogo sokoni kwa bei ya kutupa, na mkopo wanaendelea kuulipa. Juzi alinipigia tena. Kumetoka mwaliko mwingine wa zabuni, na chama kimeamua kushindana. Alitaka tuisome pamoja ile hati, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya mtu yeyote kukanyaga kwenye sacco. Tumeanza Jumamosi iliyopita. Tumefika ukurasa wa tisa.